Kidole Tumbo cha Bwana Mselemu

Iko nchi moja, wala si mbali, ambayo watu wake ni wakarimu kwa mujibu wa sheria. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa raia wake hawapendi kusifiwa mbele ya majirani. Nitaeleza tu jinsi mambo yalivyokwenda, moja baada ya jingine, na msomaji ataamua mwenyewe. Mimi huchelewa kuamua.

Juu ya lango la kila hospitali ya nchi hiyo yameandikwa maneno ambayo hata huku kwetu tunayajua: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu ni msemo tu, ambao mtu huutamka shemeji anapokuja kutembea na mfuko wa machungwa. Kule ni Sheria ya Bima ya Afya ya Wageni. Ina kifungu kimoja, na kifungu hicho ndio msemo wenyewe. Wabunge waliupitisha kwa makofi. Mmoja alisimama akauliza kama hauhitaji ufafanuzi kidogo, akaambiwa kwamba maneno ya wahenga hayafafanuliwi, yanatekelezwa. Akakaa.

Utekelezaji wenyewe hauna ugumu. Mgeni anayekuja kufanya kazi huanza kukatwa mchango wa bima mara tu anapovuka mpaka. Hupewa kadi ya kijani yenye picha yake, kisha hupewa mwenyeji, raia halali aliyechaguliwa na ofisi. Mgeni akishafika, mwenyeji hupona. Maana yake ni kwamba kadi ya mgeni humtibu mwenyeji. Mgeni mwenyewe haimtibu. Wala hawezi kutibiwa kwa fedha taslimu, kwa sababu mgeni kutoa pesa mfukoni akiwa nyumbani kwa watu ni kuwatukana wenye nyumba.

Wageni wengi, hasa wale wanaotoka mbali kwa ndege, huuliza swali lile lile wakiwa bado wameshika mabegi: "Na mimi nikiumwa?" Maofisa hutabasamu kwa upole. Hawaelewi ni malezi gani hayo, mtu kwenda kwa watu huku ameshapanga kuumwa.

*

Mwalimu Nyamizi alitoka nchi ya jirani, ng'ambo ya mto, akaja kufundisha hesabu. Walimu wa hesabu wa nchi hiyo walikuwa wameondoka wote, baada ya kupiga hesabu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikika hadi dawati la nyuma, na katika ofisi ya wageni alikabidhiwa kadi na Bwana Mselemu kwa pamoja, kama mtu anavyokabidhiwa kufuli na ufunguo wake.

Bwana Mselemu alikuwa mpima mizigo mstaafu wa forodha, mzee mwembamba mwenye masikio makubwa. Alikuwa amesubiri mgeni kwa muda mrefu. Jirani yake alikuwa amepata mhandisi wa barabara kutoka ng'ambo ya bahari, akabadilishiwa magoti yote mawili, na moja lilikuwa zima.

"Karibu sana, Mwalimu," alisema Bwana Mselemu akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekungoja kwa hamu. Na jino langu la nyuma limekungoja zaidi yangu."

"Ahsante, Bwana Mselemu. Pole na jino."

"Nimeshapoa. Si umefika?"

Desturi ya kule inamtaka mwenyeji aliyetibiwa aende kwa mgeni wake kumjulisha amepona nini. Bwana Mselemu aliifuata desturi hiyo kwa uaminifu. Alikuja barazani kwa Mwalimu akafungua mdomo kuonyesha pengo. Alikuja tena kueleza habari za mgongo. Siku alipopewa miwani alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, akasimama kwenye ngazi, akamtazama Mwalimu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni mtu mzima! Mimi nilidhani wameniletea binti."

"Ningejua nisingekutibu macho," alisema Mwalimu.

Wakacheka wote wawili. Mke wa Bwana Mselemu, Bi Salha, alikuwa akituma bakuli la ndizi za nazi kila baada ya tiba. Mwalimu alikula ndizi nyingi sana mwaka ule. Sisemi kwamba mpango ulikuwa mbaya. Nawajua watu wanaolipa bima maisha yao yote na hawajawahi kuletewa ndizi.

*

Siku moja, Mwalimu akiwa ubaoni anaeleza hesabu za sehemu, chaki ilimdondoka. Alipoinama kuiokota hakuweza kuinuka. Maumivu yalikuwa yameanza kitovuni tangu alipoamka, naye aliyadharau. Sasa yalikuwa yamehamia upande wa kulia, chini, yakakaa hapo kama mtu aliyepewa kiwanja. Alikuwa na homa. Mwalimu mkuu aliandika katika taarifa ya shule kwamba mgeni ameanguka darasani, kisha akamwitia bodaboda.

Karani wa mapokezi alikuwa dada mchangamfu.

"Karibu, mama. Mwenyeji wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwake."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Naumwa mimi."

Karani aliitazama kadi, akamtazama Mwalimu, akarudi kwenye kadi.

"Picha hii ni yako."

"Ndiyo, ni yangu."

"Basi hapo ndipo penye shida. Wewe ndiye mgeni."

"Dada yangu, tumbo linanikata. Siwezi kusimama."

"Pole jamani. Kaa kwenye benchi hilo. Kukaa tumewaruhusu wageni."

Daktari wa upasuaji, Daktari Ruzuna, alipita akielekea kwenye chai. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyetembea kama mtu aliyekuwa amesimama tangu juzi. Kumpima mgeni kulikatazwa, lakini kumsalimia hakukukatazwa, kwa hiyo alimsalimia kwa kumbonyeza tumbo. Mwalimu alipiga ukelele uliosikika hadi dawati la nyuma la hospitali.

"Ni kidole tumbo," Daktari alisema akikaa kando yake. "Na kimeiva. Kikipasuka humo ndani tutakuzika, Mwalimu. Kinatakiwa kitoke leo."

"Kitoe basi."

"Siwezi kumpasua mgeni. Chumba hakitafunguliwa, dawa hazitatoka stoo, na mtu wa sindano ya usingizi hatakuja. Vyote hivyo huitika jina la mwenyeji."

"Kuna basi la kwetu kesho alfajiri."

"Kidole hicho hakina habari na basi."

"Sasa nifanyeje, Daktari?"

Daktari Ruzuna aliutazama mlango wa chumba cha chai, ambao ulikuwa unafungwa.

"Mwenyeji wako augue," alisema. Alisema bila kushusha sauti, kwa namna ambayo mtu angeelewa kwamba hakuwa akisema hivyo kwa mara ya kwanza.

*

Bwana Mselemu alifika na Bi Salha, aliyebeba chupa ya uji.

"Mwalimu, nimeambiwa nina kidole tumbo."

"Huna wewe. Ninacho mimi."

"Hivi sasa ninacho," alisema Bwana Mselemu, akakaa kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu kiti kipya.

Ilibaki kupita kwa Mkaguzi wa Maumivu. Ofisa huyu hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa tai. Cheo chake kilianzishwa baada ya kugundulika kwamba wenyeji wengine walikuwa wakijisingizia magonjwa ili kadi za wageni wao zisikae bure. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba anayeumwa anaumwa kweli, na kwamba ni raia.

"Unaumwa wapi?" aliuliza.

Bwana Mselemu alionyesha kushoto. Kwenye benchi, Mwalimu, aliyekuwa amejikunja huku jasho likimtiririka, alikohoa. Mkono wa Bwana Mselemu ukahamia kulia.

"Hapa."

"Maumivu yalikuanzia wapi?"

"Ubaoni. Nilikuwa naeleza sehemu."

"Humu imeandikwa wewe ni mpima mizigo mstaafu."

"Ndiyo maana zikanishinda."

Mkaguzi alimlaza, akambonyeza. Bwana Mselemu ni mtu wa mtekenyo tangu utoto, akaangua kicheko.

"Mgonjwa anacheka," alisema Mkaguzi, akiweka kalamu chini.

"Ndivyo anavyolia huyo," alisema Bi Salha. "Hata msibani kwa mama yangu alilia hivyo hivyo. Kaka zangu hawajamsamehe mpaka leo."

Mkaguzi alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Wakati huo huo maumivu yalimpanda Mwalimu, akaachia mguno mrefu, akaegemea ukuta.

"Na huyu analia nini?"

"Ni mgeni wangu," alisema Bwana Mselemu akijifuta machozi ya kicheko. "Ananionea huruma."

Mkaguzi alimtazama Mwalimu kwa muda, uso wake ukalainika. "Huu ndio ukarimu tunaouhubiri," alisema. Akagonga muhuri.

*

Chumba cha upasuaji kilifunguliwa. Dawa zilitoka stoo zikiitika jina la Bwana Mselemu, na mtu wa usingizi naye akaja. Utaratibu unamruhusu mgeni kuingia ndani akiwa ameshika kadi, ili picha ionekane wakati wote wa matibabu. Mwalimu aliingia akishikwa mkono na Bi Salha, ambaye alirudishwa mlangoni.

"Anayepasuliwa ni Bwana Mselemu!" alitangaza Daktari Ruzuna, kwa sauti ya kuwafikia waliokuwa nje.

Bwana Mselemu alivua kofia, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akavua shati. Akapanda kitandani peke yake, bila kusaidiwa, akalala chali akitazama taa. Akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo Daktari alipoelewa kwamba mzee huyu hakuwa akiigiza. Muda wote ule alikuwa amesadiki kwamba atakatwa. Alikuwa ameishi miaka mingi chini ya sheria ile, akaona kadi ya mgeni ikitibu meno ya mwenyeji, kisha macho, kisha mgongo. Hakuona ajabu kwamba sasa mambo yamegeuka, na mwenyeji akikatwa, mgeni ndiye atakayepona.

"Bwana Mselemu," alisema Daktari taratibu. "Unafanya nini hapo?"

"Si nimeitwa? Kama ni lazima kitoke cha kwangu ndipo cha Mwalimu kipoe, kitoke. Nimeshakula sana kadi yake." Akafumba macho. "Nilichokuwa nataka kuuliza ni kama kinauma."

Mtu wa usingizi aligeuka akaanza kupanga sindano ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Shuka, mzee wangu," alisema Daktari. "Umeitwa, na umeitika. Sasa nenda kwenye kile kiti ushike tumbo."

"Ni hilo tu?"

"Na ugune kidogo. Mkaguzi yuko dirishani."

Mkaguzi kweli alikuwa kwenye kidirisha cha mlango. Aliona mtu anapasuliwa chini ya shuka la kijani. Aliona Bwana Mselemu ameshika tumbo na anaugulia. Aliona kadi imeinuliwa na mtu wa usingizi, picha ikionekana vizuri. Vitu vyote vitatu alivyotakiwa kuviona vilikuwepo, naye hakuwa mtu wa kudai cha nne.

Kidole tumbo kilitoka kabla ya kupasuka, kimevimba na kuwa chekundu kama pilipili iliyosahauliwa mtini. Kiliwekwa kwenye chupa, na chupa ikaandikwa jina la Bwana Mselemu.

*

Wodini, Bwana Mselemu alifungwa bandeji tumboni akalazwa kitandani, na Mwalimu alitandikiwa mkeka chini ya kitanda hicho, kama mgeni anayemuuguza mwenyeji wake. Daktari Ruzuna alipopita raundi alikuwa akiangusha kalamu, akipiga magoti kuitafuta, na akichelewa kuiona. Wakati huo alibadilisha bandeji ya chini. Ya juu ilibadilishwa na nesi, ambaye hakuuliza kwa nini ilikuwa safi sana.

Watu walikuja kwa wingi kumpa pole Bwana Mselemu. Walimletea supu, na supu iliteremka chini ya kitanda pole pole. Mgonjwa mwenyewe alikuwa na njaa ya mtu mwenye afya, ila alijizuia.

"Mwalimu, umelala?"

"Hapana."

"Tumeamkaje leo?"

"Tumeamka vizuri. Homa imetutoka."

"Afadhali," alisema Bwana Mselemu, akipumua kwa nafuu ya kweli. "Nilikuwa na wasiwasi na sisi."

Kisha akaja Mkurugenzi Mkuu wa Bima, Mheshimiwa Ngwali, pamoja na kamera. Alikuwa ndiyo kwanza ametua kutoka nje ya nchi, alikokwenda kutibiwa sikio. Alisimama miguuni pa kitanda akakohoa, na wodi nzima ikaacha kukohoa ili kumpa nafasi.

"Ndugu wananchi," alisema. "Natoka nchi za watu, ambako nami nilikuwa mgeni. Niwaambie mtastaajabu. Nilipoumwa sikio, wale watu walinitibu mimi! Mimi mwenyewe! Mwenyeji wangu, mtu mzima, mpokeaji wa hoteli, amesimama pale ana mafua, hakupewa hata kidonge. Nilimwonea huruma nikashindwa kula. Wenzetu hawa wameendelea kwa majengo. Kwa utu, bado."

Watu wakapiga makofi. Waliokuwa na dripu walipiga kwa mkono mmoja. Mheshimiwa aliinama akamwona Mwalimu chini ya kitanda.

"Na wewe, mgeni wetu. Hebu waeleze wananchi, unajisikiaje baada ya kumponya mwenyeji wako?"

"Najisikia nimekatwa, Mheshimiwa."

"Mchango hukatwa kila mtu," alisema Mheshimiwa kwa upole, na kamera zikazimwa.

*

Mwalimu alipona. Alirudi darasani, akamalizia sehemu, akaingia desimali. Lakini taarifa ya mwalimu mkuu ilikuwa ikisafiri kutoka meza hadi meza, na hatimaye ikafika kwa ofisa wa vibali vya ukaazi. Huyu alikuwa kijana wa adabu, aliyesimama Mwalimu alipoingia.

"Mwalimu, imeandikwa ulianguka darasani kwa ugonjwa."

"Ni kweli."

"Sioni popote kwamba ulipona. Je, ulitibiwa?"

Mwalimu alipiga hesabu kichwani. Akisema ndiyo, wangeuliza ametibiwa na nani, na kwa jina la nani. Daktari Ruzuna angepoteza kazi, na kuna watu ambao wangekufa kwenye benchi lile, kando ya mlango wa chai. Bwana Mselemu, katika uzee ule, angeitwa mwizi wa matibabu, ilhali mgonjwa aliyemwibia hakuwepo.

"Hapana," alisema. "Sikutibiwa."

"Basi bado unaumwa."

"Kwa maelezo hayo, ndiyo."

"Unaonekana mzima kabisa."

"Nakushukuru."

Kijana alijikuna kichwa. Alikuwa akimpenda, mdogo wake alikuwa akifundishwa naye. "Sheria hairuhusu mgeni mgonjwa kukaa nchini, Mwalimu. Inakuwa kama sisi ndio tumekuangusha." Akafuta kibali, akafuta na kadi, akamtakia nafuu ya haraka.

*

Walimsindikiza hadi darajani. Bwana Mselemu alitembea polepole, mkono mmoja tumboni, kwa kuwa Mkaguzi alikuwa akiishi mtaa ule ule. Begi la Mwalimu lilibebwa na Bi Salha.

"Tangu apasuliwe hata ndoo hainyanyui," alilalamika Bi Salha. "Nikimwambia kitu, mshono. Nikimwambia kitu, mshono."

"Ni amri ya daktari," alisema mumewe.

"Mshono wenyewe uko wapi?"

"Huo hapo," alisema Bwana Mselemu, akimwonyesha Mwalimu kwa kidevu. Kisha akamvuta pembeni, kwenye ukingo wa daraja. "Mwalimu, kuna neno. Natakiwa kurudi kliniki. Wataniuliza kidonda kinaendeleaje. Na kidonda ndicho hicho unaondoka nacho."

"Nitakutumia ujumbe."

"Usinifiche kitu. Hata kama ni habari mbaya."

"Sitakuficha, Bwana Mselemu."

Bi Salha alimkabidhi begi, akamkumbatia kwa upande wa kushoto ili asimwumize. Mwalimu akavuka mto, mgonjwa kwa upande huu, mzima kwa upande ule.

Ujumbe wake ulifika msimu wa baridi ulipokuwa umeanza. "Kidonda chako kimefunga vizuri. Hakina usaha. Kovu ni jembamba. Ila huwasha jioni, hasa kukiwa na baridi."

Bwana Mselemu aliukariri, akaenda nao kliniki. Kwa kuwa kadi ya Mwalimu ilikuwa imefutwa, kutazamwa tumbo hakukuwezekana. Kilichobaki bila malipo ni kuulizwa tu. Nesi akauliza, naye akajibu neno kwa neno. Nesi akamshauri apake mafuta ya nazi na asijikune hata kidogo. Bwana Mselemu akautuma ushauri huo ng'ambo ya mto siku hiyo hiyo.

Jioni baridi iliposhuka, Bi Salha alitoka barazani akamkuta amekaa, mkono umeingia ndani ya shati, upande wa kulia, chini, unakwenda na kurudi.

"Wewe! Si umeambiwa usijikune?"

"Sijikuni," alisema Bwana Mselemu. "Namkunia Mwalimu."